Matunda Mekundu ya Namba 212

9 Oktoba

Mama amekuwa mti!

Ndiyo, mdogo wangu, umesoma sawasawa, wala sijarukwa na akili. Mama yetu aliyetuzaa mimi na wewe, Mungu amrehemu, tangu wiki iliyopita ni mti. Mpwa wako Majani ameupata mti ambao hakuna mtu duniani aliyewahi kuuandika, akaupa jina la bibi yake, wakaliongezea mkia wa Kilatini, likachapwa ukurasa wa themanini na nane wa jarida linalosomwa na wataalamu wote wa mimea. Ukurasa mzima! Na mchoro wa wino: majani, maua, na matunda matatu ya mviringo. Nimelilalia hilo jarida chini ya mto siku tatu, mpaka shemeji yako akasema nitamkunja mama mkwe wake.

Haya, sasa hujambo? Wifi hajambo? Mguu wake umekaaje? Wanangu waambie shangazi yao anawasalimu, na anauliza kwa nini hawaandiki barua ilhali mikono wanayo. Sisi ni wazima. Shemeji yako kiuno kinamuuma kila akiambiwa abebe ndoo. Ukifika wakati wa kwenda kutazama mpira, kinapona. Cherehani nimeirudisha kwa fundi, sasa inalia kama mbuzi lakini inashona.

Turudi kwenye mti. Kazi hii unaijua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyemwambukiza. Alikuwa na miaka sita ulipomwingiza kwenye lile jumba la mimea mikavu, akasimama kutwa nzima akikutazama unavyoshonea nyasi kwenye karatasi. Sasa wewe uko ng'ambo ya mpaka miaka kumi na minane, na gundi yako na sindano yako, kwenye jumba la wenzetu, na yeye ni mtaalamu kwenye jumba la huku. Majumba mawili, na ukoo wetu umekaa kote! Nani mwingine mtaani anaweza kusema hivyo?

Wamempa chumba chenye ufunguo, na mlangoni jina lake. Nilikwenda kuliona. Nililigusa. Askari wa getini akaniuliza, "Mama, unamtafuta nani?" Nikamwambia, "Simtafuti mtu. Nimekuja kumsoma huyu aliyeandikwa hapa, nilimzaa mwenyewe."

Na mimi mkono wangu umo, usicheke. Matawi yale yalikaushiwa chumbani kwangu. Alishuka mlimani na furushi, jioni ileile homa ikamwangusha. Nani aliyebadilisha magazeti kila asubuhi ili majani yasiote ukungu? Mimi. Siku tisa. Mbao, godoro, na mawe matatu juu yake. Alipopona alikuta yamenyooka kama sare ya askari siku ya gwaride.

Kinachoniudhi ni watu. Mwenye duka la pembeni nimemwonyesha ukurasa, akaniuliza, "Huo mti unaliwa?" Hauliwi. "Unajengewa?" Haujengewi. "Sasa una faida gani?" Mtu mzima, ana duka, ana macho mawili! Sabuni sasa nanunua mtaa wa pili.

Mwandikie mpwa wako upesi. Anangoja neno la mjomba kuliko anavyongoja la mkuu wake.

Dada yako


21 Novemba

Dada, shikamoo.

Nimechelewa kujibu, unisamehe. Unyevu uliingia makabatini na tumekuwa tukitoa karatasi moja moja kuzipunga hewa. Wifi yako hajambo, mguu umeacha kuvimba. Watoto wamesoma maneno yako ya mikono, wamecheka, lakini kalamu hawajashika.

Habari ya jina la mama ilinifikia kabla ya barua yako. Jarida lililetwa mezani kwangu. Nilikaa nalo muda mrefu, dada. Mama hakujua kuandika jina lake, na sasa watu wa nchi nyingi wataliandika.

Yule mwenye duka mjibu hivi. Daktari wa huku akipima dawa ya jani fulani, na bwana misitu wa huko akipanda miche ya jani hilohilo, lazima wawe wanataja mti mmoja. Wakitofautiana jina, mgonjwa atakunywa jani lingine. Ndiyo maana majumba ya mimea yanashirikiana. Mtu akikata matawi ya mti mmoja siku moja, anayapa namba moja, anabakiza tawi moja nyumbani na mengine anayagawa. Sisi tunayaita mapacha. Mti wa Majani ni namba 212. Pacha mmoja yuko huko kwenu, ndiye anayelibeba jina lenyewe. Mmoja yuko kwetu, na wawili wako kwenye majumba mengine. Jumba moja likigeuza jina, linawaarifu wote wenye mapacha, na kila mmoja anabandika kikaratasi kipya kando ya kile cha zamani. Cha zamani hakibanduliwi kamwe, hata kama kilikosea.

Pacha wa kwetu nilimbandika mimi mwenyewe, mwaka juzi. Namkumbuka.

Nikuulize jambo, dada. Jarida linasema matunda ni mekundu na ya mviringo. Ulipokuwa ukibadilisha magazeti, uliyaona? Yalikuwa kwenye tawi? Nauliza tu.

Msalimie shemeji na kiuno chake. Mwambie Majani mjomba anamkumbuka.

Mdogo wako


4 Desemba

Marahaba. Barua yako imenikuta nimekwisha shika kalamu ya kukuandikia.

Salamu zote zimefika. Sisi afya tunayo, raha hatuna. Jumba lenu, hilo unaloamkia wewe kila asubuhi, limemwandikia mwanangu barua. Eti pacha wa kwao ana matunda ya kijani, yana pembe tatu, magumu, wala hayana hata harufu ya wekundu. Eti waliokuwa mti mmoja hawawezi kuzaa matunda ya aina mbili. Eti wanaomba waazimwe karatasi yetu waiangalie kwa macho yao. Na chini kabisa: nakala kwa majumba yote yenye pacha!

Nakala! Mtu akiwa na neno na mwenzake si anamwita pembeni? Hawa wamemwita mwanangu huku wamefungua madirisha yote ili majirani wasikie. Na hao majirani wa majumba mengine mawili nao wamekimbilia makabati yao, wakachungulia, wakajibu: kwetu pia ni kijani. Kama watoto wa darasa moja wanaosemeleana kwa mwalimu.

"Tunaomba ufafanuzi," ndivyo walivyoandika. Ufafanuzi! Binti kapanda mlima siku nne, kala viazi baridi, karudi na homa ya kumtoa roho, leo aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka anaomba ufafanuzi!

Majani mwenyewe akaanza kutafuta boksi. Nilimwambia, "Usiitume hiyo karatasi, ni yetu." Akaniambia, "Mama, tukikataa kuazimana, jina la bibi litakuwa letu peke yetu, na jina la peke yako si jina." Akaipakia kwenye boksi, akaizungushia sponji, akaipeleka posta kwa mikono yake. Nilimlea vizuri mno, ndilo kosa langu.

Nani aliyechungulia kwanza? Nitajie. Wewe umo humo ndani, unamjua kila anayeshika karatasi. Ni yule uliyewahi kuniambia anakula andazi juu ya sampuli? Nitamwandikia mimi mwenyewe, na haitakuwa barua ya kuomba ufafanuzi.

Kuhusu matunda, niliyaona, ndiyo. Yalikuwa matunda. Mti ulitaka uwe na nini, vifungo?

Dada yako


22 Januari

Dada, shikamoo.

Tuko wazima. Wifi yako ameanza kutembea bila fimbo.

Karatasi imefika salama. Nimeifungua mimi, nimeiangalia kwa lenzi. Siwezi kukuandikia yote niliyoyaona, kazi ina utaratibu wake. Ila nakuuliza mara ya pili: katika zile siku tisa, kulitokea nini? Usinijibu kwa hasira, dada yangu. Nijibu tu.

Uliuliza nani aliyechungulia kwanza. Hilo tuliache kwa sasa.

Mdogo wako


2 Februari

Shikamoo yako nimeisoma, nikairudisha kwenye bahasha. Itakaa humo mpaka ujirekebishe.

Unanihoji? Mimi? Niliyekubeba mgongoni mpaka ukafikisha miaka minne kwa uvivu wako wa kutembea? "Kulitokea nini katika siku tisa." Kilichotokea ni kwamba nilikuwa nikimfuta mwanangu jasho kwa mkono huu na kubadilisha magazeti kwa mkono huu. Weka hilo chini ya lenzi.

Majani yuko nyumbani. Sikutaka ujue, lakini acha ujue. Jumba la huku limeunda kamati baada ya kusoma taarifa ya lenzi zenu, na kamati imetumia neno ambalo mimi sijawahi kulisikia likitajwa kwenye ukoo wetu: kughushi. Kwamba binti yangu alibandika matunda ya mti mwingine ili mti wake uonekane mpya. Wamemnyang'anya ufunguo. Jina bado liko mlangoni kwa sababu wamekosa bisibisi ya kufungulia skrubu zake; hiyo ndiyo ofisi inayomfundisha mwanangu uaminifu!

Walimuuliza, "Ni wewe uliyeyaweka haya matunda?" Akajibu, "Karatasi ni yangu, namba ni yangu, lawama ni yangu." Basi. Nilimshika mabega nikamwambia, "Mwanangu, jitetee! Una kinywa, una digrii tatu!" Alinitazama, mdogo wangu. Kisha akasema, "Mama, nipe nguo nikusaidie kushona vifungo." Nikampa. Mimi nikaingia jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Watu wanapita barazani wanaona daktari anashona sare za shule. Yule mwenye duka amenisalimu kwa huruma. Kwa huruma, yule!

Usiniandikie tena mpaka uwe na jina la huyo mnafiki.


15 Machi

Dada, shikamoo, hata kama utairudisha.

Jina ulilolitaka ni langu.

Jarida lilipofika, nililifungulia mezani, nikaenda kabatini kumchukua pacha wetu ili nimbandike kikaratasi chenye jina la mama. Ndivyo utaratibu ulivyo, nami nilikuwa na furaha kama mtoto. Gundi nilikwisha ipaka. Ndipo nikaona matunda yenyewe, ya kijani, yenye pembe tatu. Nikasoma tena jarida. Gundi ikakauka mkononi. Nilikaa siku mbili bila kusema, siku ya tatu nikamwambia mkuu wangu. Ningefanyaje? Ningebandika jina la mama juu ya kitu nisichokiamini, na baada ya miaka hamsini mtu aje alisome, aliamini, alinakili? Barua yako ya furaha ilifika nikiwa nimekwisha sema. Nikakuandikia lile swali la kuzungukazunguka. Ulikuwa woga, dada, nakiri.

Lakini siku ile sikujua jambo la pili. Nililijua karatasi yenu ilipofika. Matunda yale matatu yamefungwa kwa uzi. Uzi umepita mara mbili, umezunguka kikonyo, na fundo limefichwa chini likiwa na kitanzi kidogo cha kurudi nyuma. Ndivyo mama alivyotufundisha kushona vifungo vising'oke. Mimi hushona hivyo mpaka leo, wenzangu hunicheka. Wanaofunga fundo lile tuko watatu duniani: mimi, wewe, na Majani uliyemfundisha. Mimi sikuwapo. Majani alikuwa na homa.

Sijamwambia mtu habari ya fundo. Nadhani Majani naye ameliona, ndiyo maana amenyamaza. Nikisema mimi, nitakuwa nimemsemea dada yangu mkubwa mambo yake. Kamati itafunga kazi mwisho wa Aprili. Nakuomba useme mwenyewe.

Mdogo wako


30 Machi

Marahaba. Na ile nyingine niliyoiacha kwenye bahasha, marahaba zote mbili.

Ni mimi.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya sita. Nilifungua magazeti nikakuta lile tawi la kubaki kwetu limeota ukungu kwenye matunda. Yalikuwa ya kijani, ndiyo, na pembe tatu, umeona vizuri. Nikayagusa yakadondoka, yakaacha utelezi. Nikayafuta, nikayatupa pamoja na gazeti. Tawi likabaki na upara. Wenzake watatu wanaokwenda ugenini wana matunda yao yote, na huyu wa nyumbani, ambaye mwanangu atamwonyesha mkuu wake, abaki uchi? Tangu niwe fundi sijatoa sare mlangoni kwangu ikiwa imepungukiwa kifungo, na sikuwa tayari kuanza siku ile. Nyuma ya choo cha jirani kuna kichaka chenye vitunda vyekundu, vizuri, vimelingana kama vilivyopimwa kwa futi. Nikachuma vitatu. Nikavikausha pamoja na matawi. Nikavishona. Nilijiona nimefanya kazi ya maana!

Nilidhani ni pambo. Nilidhani hizo karatasi ni kama picha za harusi, kila mtu atengenezwe kidogo apendeze. Hakuna aliyeniambia kwamba kitunda kimoja kinaweza kusomwa na watu wa nchi nne.

Na nilijua. Nikuambie ukweli wote. Nilijua tangu barua yako ya kwanza, pale ulipoandika "nauliza tu". Nikajaza karatasi kwa matusi ili nisione swali. Niliogopa kuitwa mama wa darasa la saba aliyeharibu kazi ya daktari. Nikamwacha daktari mwenyewe aitwe mwizi.

Lakini msidhani mmepona. Nina hasira na nyinyi wawili! Mmekaa mkijua, mmoja huku mmoja huko, mkinitunza kama yai. Nani aliwaomba? Binti angefukuzwa kazi kwa kuninyamazia, na mimi ningemshukuru kwa lipi? Nilimwita barazani nikamwambia, "Ulijua?" Akasema, "Niliona fundo siku nilipoipakia kwenye boksi. Kabla ya hapo nilidhani homa imenisahaulisha matunda ya mlimani, nikaandika ninayoyaona kwenye karatasi." Nikasema, "Na ukanipa mgongo ukashona vifungo!" Akasema, "Ulitaka niwaambie kamati mama yangu ndiye aliyefanya? Waseme natafuta mzee wa kumtwisha?" Nikamwambia, "Mzee nani?" Tuligombana mpaka shemeji yako akaja kuamua, tukamgeukia yeye.

Kesho yake nilivaa gauni langu la bluu, nikaenda jumbani kwa miguu yangu. Mkuu wa jumba ana ofisi yenye madirisha yasiyofunguka. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Akavua miwani.

"Mama," akasema kwa upole ule wa kuudhi, "kila mzazi angependa kumwokoa mtoto wake. Una ushahidi gani?"

Nikamwambia, "Vua koti."

"Samahani?"

"Koti lako. Kifungo cha pili kinaning'inia, nimekiona tangu niingie, kinaniumiza macho. Livue."

Sindano na uzi sitembei bila, unanijua. Nilimshonea pale mezani kwake, mbele ya katibu wake. Uzi mara mbili, ukazunguka, fundo chini, kitanzi nyuma. Nikamwambia, "Sasa chukua lenzi yenu mnayoipenda, angalia. Kisha waandikie hao walio na karatasi yangu, wakuambie wanaona nini." Akaangalia. Akaangalia tena. Katibu akacheka, akajifanya amekohoa. Mkuu akaniambia, "Itabidi uandike." Nikamwambia, "Ndicho nilichojia. Nipe karatasi, na usiniwekee mistari ya watoto."

Nimeandika ukurasa na nusu. Hakurekebisha hata neno moja.

Wewe sasa andika la kwako, la fundo, ulipeleke kwa mkuu wako. Mambo yangu umekwisha ruhusiwa kunisemea.

Dada yako


22 Aprili

Dada, shikamoo.

Wifi yako na watoto wanakusalimu. Mkubwa amesema ataandika.

Nilipeleka la fundo siku ileile barua yako ilipofika. Mkuu wangu akaniita na koti langu, akalinganisha fundo la kifungo changu na la karatasi kwa lenzi. Yamekwisha, dada. Majumba yote manne yameandikiana na kukubaliana neno moja. Matunda mekundu yamevuliwa kwenye tawi kwa sindano yangu, yametiwa kwenye bahasha ndogo, na bahasha imebandikwa pembeni ya karatasi ileile. Hayatupwi, maana na yenyewe ni sehemu ya habari. Chini yake kuna kikaratasi kinachosema ni nani aliyeyaweka, lini na kwa nini, na maneno ni yako. Kitabaki hapo kadiri jumba litakavyosimama. Neno kughushi limefutwa kwenye barua zote, na barua ya kulifuta imepelekwa kila mahali ilikopelekwa ile ya kwanza. Nilihakikisha nakala.

Sasa la jina la mama, nisikufiche. Sampuli ikichanganyika, jina halitupwi; linabaki na ile sehemu inayolingana zaidi na maelezo, nayo ni majani na maua. Lakini bila yale matunda, majani na maua hayo yanafanana mno na mti mmoja uliopewa jina miaka mia iliyopita. Ikiwa ni mti mmoja, jina la kwanza ndilo linaloshinda, na la mama litakuwa la chini yake. Matunda ya mapacha wetu hayakukomaa, hayawezi kuamua. Yanatakiwa matunda yaliyoiva, kutoka mti uleule alioukata Majani.

Kila jumba litatuma mtu mmoja, ili wote waone pamoja, wakate pamoja, wagawane papo hapo. La kwetu limenichagua mimi. Nije na wifi yako? Na ni lini?

Mdogo wako


6 Mei

Marahaba, mdogo wangu. Swali gani hilo? Uje na wifi, uje na watoto wote, miaka kumi na moja hamjakanyaga hapa, halafu unaniuliza kama karani.

Sisi ni wazima. Majani amerudishiwa ufunguo. Nilikwenda kushuhudia ukiingia kwenye kitasa. Askari wa getini sasa ananiita Mama Kifungo, nimemkataza, anaendelea.

Karatasi imerudi, na kikaratasi changu nimekisoma. Nimewaambia watu wote, nao wananishangaa: "Unajivunia kosa?" Najivunia kwamba nililiandika. Mwenye duka jina lake limebandikwa wapi?

Lakini la miaka mia limenichoma, sikufichi. Mtu aliyekwisha kufa zamani, ambaye hakuwahi kumwona mama wala kula mkononi mwake, aje amshushe chini kwa sababu tu alitangulia kuandika! Nikamwambia Majani hivyohivyo, kwa sauti hiyohiyo. Akaniambia, "Mama, kama ni mti mmoja, mimi ndiye nitakayebandika kikaratasi cha kumshusha bibi. Sitamwachia mtu mwingine kazi hiyo." Hakupepesa macho. Nikakasirika, kisha nikamtazama alivyosimama pale mlangoni, nikasema moyoni, basi hata akishushwa, ameacha mjukuu. Bado sijapenda. Nitapenda matunda yakiamua, nikiwa nimeyaona kwa macho yangu na siyo kwa nakala.

Maana nakwenda. Mkuu wa jumba alisema mlima ni mkali kwa mtu wa umri wangu. Nikamwambia umri wangu ndio uliomshonea kifungo, na bado kimeshika. Amekubali, kwa masharti: nibebe magazeti tu, nisiguse tunda lolote, na sindano niiache nyumbani. Amelitaja hilo la sindano mara mbili, mbele za watu. Nimemezea.

Majani alipanda wiki iliyopita kuukagua. Mti upo, alama yake ya chokaa ipo, na matunda yameanza kubadilika rangi. Rangi gani amekataa kuniambia. Anasema tutaiona sote kwa pamoja au hatutaiona kabisa. Mwanangu huyo!

Wageni wa majumba mengine mawili watalala sebuleni. Wewe na wifi mtalala chumba changu cha kukatia nguo, nimeshaondoa pini sakafuni, nyingi. Watoto watajibana na shemeji yako, kiuno chake kitavumilia. Hakuna atakayetangulia kupanda na hakuna atakayebaki nyuma kupanga salamu. Waandikie na hao wengine, nakala kwa majumba yote, safari hii nimekuruhusu: wote wawe wamefika getini kwangu, na viatu vya kupandia miguuni, Jumamosi tarehe 14 Juni, saa kumi na mbili asubuhi.